Meneja wa Mama Yake

Januari 12

Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nauliza goti peke yake kwa sababu ulimi najua ni mzima. Nimekusoma gazetini Jumapili ukimrarua yule profesa wa uchumi, nikamwonea huruma mtu nisiyemjua. Hapa hatujambo. Mdogo wangu amefaulu mitihani ya chuo na ameshaanza kutembea kama mtu anayelipwa mshahara. Dari la sebuleni limezibwa. Paka wa jirani amehamia kwetu moja kwa moja, na jirani hata haulizi.

Sasa habari yenyewe. Nimepewa karakana! Mzee aliyekuwa meneja amestaafu, na wenye kampuni wamenikabidhi mimi. Mafundi thelathini na kitu, meza zilezile nilizokuwa nacheza chini yake nikiokota vipande vya vitambaa.

Na juu yake nimekabidhiwa kazi ngumu. Unajua tunavyoshona: kila fundi anatoa gauni zima la muuguzi peke yake, kuanzia kola mpaka pindo. Kuanzia Machi hilo linakwisha. Tunaingia kwenye mstari. Huyu kola, huyu mikono, huyu mifuko, nguo inapita meza kwa meza mpaka mlangoni. Si ubishi wangu. Mteja wetu mkubwa, wa hospitali, amesema wazi kwamba tukichelewa tena mwaka huu anahamia kwingine, na akihama yeye, karakana inafungwa.

Kampuni imenipeleka semina ya kuongoza watu wakati wa mabadiliko kwa kuelewa hisia zao. Shangazi, ilinifungua macho! Mkufunzi alichora bonde ubaoni. Watu wanaanza juu, wanateremka kwenye mshtuko, hasira na huzuni, halafu wanapanda upande wa pili mpaka kukubali. Kazi ya kiongozi ni kuwashika mkono wakiwa chini. Nimebandika mchoro huo ofisini.

Wewe uliongoza chama cha wafanyakazi wa viwanda vya uchapaji miaka yote ile. Nipe neno moja la kuanzia.

Mpwa wako mwenye funguo nyingi.


Februari 5

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Goti linauma mvua ikikaribia na linapoa mvua ikinyesha. Limekuwa kama wasomi wetu, linalalamika kabla ya jambo na kunyamaza jambo likitokea. Duka la vitabu linaenda. Wateja wanasoma wakiwa wamesimama, wananishukuru, wanaondoka. Mpe mdogo wako pongezi, na mwambie mshahara wenyewe akiupata atatembea polepole zaidi.

Sasa tushikane mashati.

Umeniomba neno moja. Nitakupa mengi, unanijua. Vitabu vya semina yako nimevisoma, pengine vingi kuliko mkufunzi wako. Vyote vinaanza na "wasikilize watu", na hakuna hata kimoja kinachosema ufanye nini ikiwa, baada ya kuwasikiliza, wao ndio wenye haki. Lile bonde lako! Mshtuko, hasira, huzuni, kukubali. Nani kasema mwisho ni kukubali? Huyo mtu anajua abiria watashuka kituo gani kabla hawajapanda. Hiyo si kuelewa hisia, hiyo ni ratiba ya basi. Mwenye ndoana naye anamwelewa samaki, tena sana: anajua anapenda nini, na anaona njaa saa ngapi.

Sisemi usibadilishe. Karakana ikifungwa, hakuna wa kumwonea huruma mwenzake. Nasema tu, kama umeshaamua kila kitu, waambie umeamua. Usiwaketishe duara na kuwauliza wanajisikiaje, kama daktari anayeuliza mgonjwa anapenda sindano ipi wakati iliyopo ni moja.

Na lingine. Umenipa salamu za mdogo wako, za dari, na za paka. Mama yako hukumtaja. Mama yako amekuwa fundi katika karakana hiyohiyo tangu hujaota meno, na wewe leo ndiye meneja wake. Barua nzima umelizunguka hilo kama mtu anayekwepa dimbwi. Yuko wapi wifi yangu?

Shangazi yako.


Machi 4

Shangazi,

Shikamoo. Mdogo wangu ana mafua, analalamika kama aliyevunjika mguu. Mengine salama.

Umeuliza kuhusu mama. Mama yupo. Tunalala nyumba moja, tunakwenda kazini njia moja, yeye mbele, mimi nyuma.

Nilifanya hivi. Nilijua habari za mstari tangu Desemba, lakini nyumbani nilinyamaza. Nilitaka asije mtu akasema mama wa meneja alijua kabla ya wenzake. Jioni ya kuamkia mkutano tulikula meza moja. Akaniuliza mbona sili, nikasema tumbo. Kesho yake nikasimama mbele ya mafundi wote, naye yumo katikati yao, nikatangaza. Nilimwangalia usoni, Shangazi. Hakushtuka. Alikunja tu kitambaa cha kichwa, akakifunga upya.

Tangu siku ile ananiita Meneja. Si kazini tu. Nyumbani.

"Mama, chakula tayari."

"Ahsante, Meneja. Naruhusiwa kukaa?"

"Mama, acha basi."

"Nimeacha, Meneja. Agizo limepokelewa."

Mdogo wangu alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilicheka siku ya kwanza.

Ile semina nayo imenitoa jasho. Nimegawa vikaratasi, kila mtu aandike anavyojisikia, bila jina. Wengine waliandika "vizuri", wakanipa bila kunitazama. Mama alinirudishia karatasi na kalamu mbele ya watu. "Meneja," akasema, "mimi sina hisia. Nina cherehani." Karakana nzima ilishikilia mbavu.

Mstari umeanza wiki hii na hauendi. Mama nimemweka kwenye kola, ndiyo kazi aliyokuwa akisifiwa. Naye amekuwa mzito ajabu, Shangazi, mama yangu mwenye mkono mwepesi kuliko wote! Nguo zinajazana mbele yake mpaka waliomfuata wanakaa bila kazi. Watu wanaanza kunong'ona kwamba anagoma kimyakimya, na meneja anamwogopa. Nikimwuliza ananijibu, "Nafanya ninavyoagizwa."

Sijui nifanyeje. Nikimwacha, wanasema nampendelea. Nikimkemea, ni mama.


Aprili 2

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipokea, na mafua ya mdogo wako nimeyapa heshima yake.

"Sina hisia, nina cherehani." Nimeliandika kwa chaki juu ya mlango wa duka. Wateja wananiuliza ni maneno ya nani, nawaambia ya mwanafalsafa mmoja ambaye hamjamsoma.

Nisikilize vizuri. Mama yako hagomi kwa sababu ya mkutano wako, ingawa mkutano ule ulikuwa ukosefu wa heshima na nitakueleza siku nyingine. Umemnyang'anya nguo nzima! Miaka yote hiyo alikuwa akianza na kitambaa na kumaliza na vazi. Alikuwa akiliinua mbele ya dirisha na kusema hili ni langu. Sasa anashona kola, kola, kola, kama anayetamka herufi moja mpaka jioni. Yule ni mtu aliyefiwa na kazi yake, na wewe unampelekea kikaratasi. Uzito wa mkono wake ni hoja. Ndiyo hoja pekee mliyomwachia.

Nimeamua kumwandikia yeye mwenyewe. Usiniulize nimeandika nini. Barua ya mtu ni ya mtu. Ila nitasema hivi: sikumshauri anyamaze.

Shangazi yako, ambaye hajawahi kunyamaza.


Aprili 27

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako kwa mama imefika. Haikusomwa nyumbani. Ilisomwa karakanani wakati wa chai, kwa sauti, na Bi Miwani, yule fundi rafiki yake aliyekuwa akikaa meza ya jirani, huku mama ameketi pembeni yake na kikombe mkononi. "Mnageuzwa vipuri." "Mkono mzito ni silaha ya mnyonge." Yote. Niliisikia kutoka ofisini. Wengine walipiga makofi. Mafundi wanane hawakurudi kwenye mashine mchana ule.

Mzigo wa hospitali tumeshindwa kuutoa wiki hii.

Kesho yake mama hakuja kazini. Anasema mgongo. Nyumbani sasa haniiti hata Meneja.

Wewe uko mbali, Shangazi, unawasha kiberiti na kufunga bahasha. Tunaoungua tuko huku.


Mei 20

Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu, na si kawaida yako.

Mdogo wangu amepona. Paka amezaa. Mama bado yuko nyumbani. Anakaa uani asubuhi, anafua nguo ambazo ni safi.

Wenye kampuni wameniita. Wamesema nafasi yake haiwezi kukaa wazi namna hii. Mwisho wa Juni asiporudi, aandikiwe barua ya kuondolewa, na barua hiyo huandikwa na meneja. Walisema kwa upole, wakaniletea maji ya kunywa.

Sijamwambia mama.


Juni 9

Mwanangu,

Marahaba. Wapeni watoto wa paka majina makubwa, watayakulia. Hapa mvua zimekatika, goti limetulia, na paa la duka limevuja juu ya vitabu vya sheria peke yake. Ningekuwa mshirikina ningeandika makala.

Unaona ninavyozunguka. Kuna neno moja ambalo barua hii ilipaswa kuanza nalo. Nimewadai watu neno hilo hadharani kwa miaka mingi, mawaziri na maprofesa, na sasa nalitafuta kinywani mwangu silipati. Nimechana barua nne. Ndiyo sababu ya kuchelewa. Chukua hiyo kwanza.

Nimezitandaza barua zako zote juu ya kaunta na kuzisoma mfululizo. Wewe umesema mama yako ana hasira ya mkutano. Mafundi wamesema anagoma. Mimi nimesema amefiwa na nguo nzima, tena kwa ufasaha mkubwa, ufasaha ndio ugonjwa wangu. Nikatafuta mahali ambapo yeye mwenyewe amesema linalomsumbua. Hakuna. Anatania, anatii, anafua nguo safi. Mimi na wewe tumemsemea tangu Machi, na bado nakuandikia kana kwamba namjua.

Zile hoja zangu za kazi na utu sizifuti. Nitazipigania na yeyote. Lakini mtu si hoja. Nilimwona mfanyakazi mahali palipokuwa na wifi yangu.

Kwa hiyo sina ushauri, ila kitu kidogo. Kiti chake kiko wazi, si ndiyo? Nenda ukakikalie. Usiende kukagua. Shona hizo kola. Halafu nenda nyumbani, na ukifika usimwambie unamwelewa.

Shangazi yako.


Julai 6

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na ile sababu ya kuchelewa nimeichukua kama ilivyo. Watoto wa paka ni Waziri, Profesa na Mhariri. Profesa ndiye mwoga.

Nilikaa kwenye kiti cha mama. Nikafunga mlango wa ofisi, nikavaa aproni. Kushona najua, nimezaliwa humo. Nikasema moyoni hii nitaimaliza mapema nirudi kwenye simu zangu.

Shangazi, sikuwa nimewahi kuona kile kirundo kutoka upande ule. Nguo inakuja, hujaimaliza inakuja nyingine. Ukiwa na gauni lako zima, ukikwama kidogo hakuna ajuaye, utafidia kwenye pindo. Kwenye mstari ukikwama unakwama mbele ya watu wote. Kirundo kinapanda mezani kwako peke yako, na aliye mbele yako anakaa mikono mitupu, anageuka kukutazama. Hata saa ya chai haikufika nikamsikia fundi wa mifuko, "Meneja, mlima huo utaupanda leo au tukuletee kamba?" Walicheka, nikacheka. Kisha nikaona machozi yanataka kunitoka kwa sababu ya kola. Mimi, mwenye macho mazuri na ofisi ya kurudia.

Hapo ndipo uzi ukanikatika. Nikainama kuutunga upya kwenye sindano, kitundu kile, taa iko nyuma yangu, nao wote wanasubiri. Bi Miwani akatoka kwake mwisho wa mstari, akaja, akanyoosha mkono bila kusema, akaniwekea uzi. Alifanya haraka sana, kama kitu cha kila siku. Halafu akashtuka, akanitazama kama mtu aliyefumaniwa.

Nikamwuliza, "Bi Miwani, huwa unamtungia nani?"

Akasema, "Rudi kwenye kola zako, mwanangu, mlima unakua."

Shangazi, nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa uani. Nikaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Sikusema juu ya mabadiliko wala juu ya mkutano. Nikauliza, "Mama, uzi unauona?"

Alikamua nguo mpaka haikuwa na hata tone.

"Uzi naujua," akasema. "Kuona ni jambo jingine."

Ni muda mrefu sasa. Ukungu, anasema, kama kioo cha bafuni. Alikuwa akishona kwa vidole. Asubuhi Bi Miwani anamtungia mashine kabla watu hawajaingia, na uzi ukikatika mchana anamtungia tena, meza zao zilikuwa zimegusana. Mimi nikachukua rula, nikachora mstari wangu, mama kwenye kola na Bi Miwani kwenye pindo. Mwanzo na mwisho. Nilichora vizuri, Shangazi. Mchoro wenyewe ulisifiwa.

Na barua yako! Haikuwa mapinduzi. Hakuweza kuisoma. Nyumbani wa kumsomea ni mimi na mdogo wangu, na mama alihisi ndani yake nimo. Akampa Bi Miwani amsomee taratibu wakati wa chai. Sasa wewe humjui Bi Miwani. Taratibu yake inasikika barabarani. Mama alijaribu kumziba mdomo, watu wakadhani anashangilia.

Nikamwuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Ningekuambia wewe yupi? Mwanangu ningemwambia. Lakini mwanangu angepeleka kwa Meneja, na Meneja ana karakana ya kuokoa."

Nilikaa tu pale kwenye ndoo mpaka makalio yakafa ganzi. Akaniambia niinuke, nitavunja mfuniko.

Kesho yake nikaubandua mchoro wa bonde ofisini. Nikawaambia mafundi mstari unabaki, na sababu zake mnazijua. Ila hakuna atakayekaa na kirundo peke yake. Kila kituo meza mbili zimegusana, na kila mtu achague wa kukaa naye. Wakichoka, watapokezana kazi wanavyojua wao. Niliogopa watanicheka. Hawakucheka. Fundi wa mifuko, yule wa kamba, alikuja ofisini akaniambia bega lake la kulia halipandi, akaomba fundi wa mikono awe mwenzake. Mkutano wetu wa kwanza wa kweli tangu Machi ulikuwa huo, na haukuwa kwenye semina.

Mmoja wa wenye kampuni alikuja kukagua. Akauliza, "Mbona mstari wako una mafundo?" Nikamwambia ndiyo yanayoushika usifumuke. Alikunja uso, lakini alihesabu magauni, akaondoka. Hatujapona kabisa. Hospitali imechukua theluthi ya kazi ikapeleka kwingine, na mafundi wawili wameacha kazi wakisema mstari hawautaki, sikuwalaumu. Lakini barua ya kuondolewa sikuiandika. Mama amerudi Jumatatu, yeye na Bi Miwani, kola. Ni wazito kuliko ningependa, na kazi yao haina doa.

Alipojua nakuandikia amesema nimwachie nafasi chini. Nimemwambia nitamwandikia mimi. Amenipokonya kalamu.


*Wifi,*

*Herufi natupa tu. Zikianguka nje ya mstari ziokote.*

*Barua yako ilikuwa tamu, haikunihusu. Mimi nguo nzima nilishaichoka zamani. Nilikuwa nahofia kuonekana.*

*Mtoto huyu alikuja uani akauliza swali moja akanyamaza. Angesema ananielewa ningemmwagia maji ya kufulia. Alivyonyamaza nikamwona, hata kwa ukungu wangu.*

*Amenipeleka kwa daktari wa macho. Wanasema wakipasua nitaona. Nimewaambia wote siogopi. Naogopa, wifi. Nikilala pale juu akaja mwanangu ataniliza, na Bi Miwani atapiga kelele.*

*Ni Jumanne ya mwisho wa mwezi huu. Ukijibu kwa barua sitaiona. Njoo.*